Je, Wajua Kwa Nini Rafiki Unayemjua Sana Ndiye Mgumu Kumchagulia Zawadi?

Siku ya kuzaliwa ya rafiki yako wa miaka mingi, yule unayemtambua gizani kwa mlio wa hatua zake, inakaribia na huna wazo lolote. Unazunguka madukani, unashika kitu, unakirudisha. Mtu uliyemfahamu mwezi jana ungemchagulia zawadi kwa dakika tano. Mbona mambo yamegeuka hivi?

Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba ukaribu hutufanya tuache kusikiliza. Mwaka 2006 watafiti Davy Lerouge na Luk Warlop walichapisha majaribio ambamo watu walitakiwa kukisia samani za chumba cha kulala zitakazompendeza mtu mwingine. Kila walipokisia walionyeshwa jibu sahihi, ili wajirekebishe. Waliodhani wanamkisia mgeni walijifunza kutokana na majibu hayo. Waliodhani wanamkisia mwenzi wao hawakujifunza kiasi hicho, kwa kuwa walikwisha kuwa na picha yake kichwani na waliing'ang'ania hata ilipokanushwa.

Hivyo ndivyo tunavyowafanyia marafiki. Alipenda hadithi za kijasusi mlipokuwa shuleni, basi kila mwaka ni hadithi za kijasusi. Yeye siku hizi hata muda wa kusoma hana, na ametutajia mara tatu kwamba kiti anachokalia kazini kinamuumiza mgongo. Tumempa pole, tukasahau.

Jambo la pili ni kwamba mtoaji na mpokeaji hawaangalii wakati mmoja. Jeff Galak, Julian Givi na Elanor Williams walilieleza vizuri mwaka 2016: mtoaji huwaza ile dakika ya kufungua karatasi, uso utakavyong'aa, ilhali mpokeaji ndiye atakayeishi na kitu chenyewe kwa miezi na miaka. Ndiyo maana tunachagua cha kushtua, naye angefurahia zaidi cha kumfaa. Utafiti mwingine, wa mwaka 2014, ulionyesha tofauti hiyo kwa mfano wa mikahawa: watoaji walivutiwa na mkahawa wa hali ya juu hata kama uko mbali, wapokeaji wakajali zaidi urahisi wa kufika.

Na bei? Wahenga walishatuambia kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini mkononi mwa mtoaji bei bado ina uzito. Mwaka 2009 Francis Flynn na Gabrielle Adams waligundua kwamba watoaji hutarajia zawadi ya gharama kubwa ishukuriwe zaidi, wakati shukrani za wapokeaji hazikufuata bei. Huu ni mzigo tunaojitwika bure, na unawaumiza hasa wale wasio na kitu, ambao wengine huamua kutohudhuria kabisa sherehe ya mtu wanayempenda.

Lipo pia suala la kuuliza. Wengi tunaona kumuuliza rafiki anataka nini ni kukiri kwamba hatumjui. Francesca Gino na Flynn walilichunguza mwaka 2011, wakakuta wapokeaji hukithamini zaidi kitu walichokiomba wenyewe, ingawa watoaji hudhani kile walichobuni kichwani ndicho kitakachoonyesha kujali. Kuuliza, basi, hakumpunguzii rafiki heshima.

Kama unaona haya kuuliza, anza mapema. Watu hutaja mahitaji yao mwaka mzima bila kujua, na mara nyingi huyataja kama malalamiko: mwavuli uliovunjika, simu inayozimika mchana, sufuria inayounguza. Andika pale pale kwenye simu, pamoja na jina lake, maana wiki mbili baadaye utakuwa umesahau. Yule mwenye kiti kibaya alihitaji mto wa kuegemeza mgongo. Tena alishasema, mara tatu.