Somo linaloweza kutumika mara ya pili

Mwalimu anarekodi video ya dakika 12 kueleza jinsi moyo unavyosukuma damu. Sauti ni safi, michoro imechorwa kwa uangalifu. Kisha, mwanzoni kabisa, anasema: "Kama tulivyoona wiki iliyopita, na hili litakuja kwenye mtihani wa Ijumaa…" Hapo ameshaifunga video yake kwa darasa moja na wiki moja. Mwenzake hawezi kuitumia bila kuwachanganya wanafunzi wake, na hata yeye mwenyewe, mpangilio wa kozi ukibadilika mwakani, atarekodi upya. Katika kukagua kozi za mtandaoni, kosa hili ninalikuta zaidi kuliko jingine lolote, na aghalabu kwa walimu hodari, kwa kuwa mwalimu hodari huzungumza na watu walio mbele yake.

Wazo la kuligawa somo katika vipande vya kutumika tena na tena lilishika kasi miaka ya 1990. Wayne Hodgins, mtaalamu wa teknolojia ya kujifunzia, alivifananisha vipande hivyo na matofali ya kuchezea ya LEGO. David Wiley, mtafiti wa teknolojia ya elimu, hakukubali: tofali lolote la LEGO hushikana na jingine lolote, lakini masomo hayaungani hivyo. Yeye alipendelea mfano wa atomi, ambazo huungana na baadhi tu, tena kwa utaratibu wake. Ni yeye pia aliyeonyesha kitendawili ambacho hakijaacha kutusumbua. Picha tupu ya moyo inaingia katika somo lolote, ila peke yake haimfundishi mtu kitu. Kozi nzima inafundisha vizuri, ila haihamishiki. Kila unapoongeza maelezo ya kumsaidia mwanafunzi wako, unapunguza mahali ambapo kipande kinaweza kwenda.

Njia ya kutoka hapo ni kumruhusu anayekipokea akibadilishe. Leseni za Creative Commons, ambazo kwazo mwandishi huwaruhusu wengine mapema kuitumia kazi yake kwa masharti anayoyachagua, zilitolewa Desemba 2002, miezi michache baada ya mkutano wa UNESCO uliozaa istilahi ya rasilimali huria za elimu, yaani vifaa vya kufundishia vilivyo wazi kutumiwa na kubadilishwa. Herufi zinazotaja masharti ya kila leseni zisomwe kwa makini. BY humtaka mtumiaji amtaje mwandishi. NC hukataza matumizi ya kibiashara. SA hutaka kazi iliyotokana na ya kwanza itolewe kwa masharti yaleyale. ND hairuhusu kusambaza toleo lililobadilishwa, na tafsiri huhesabiwa kuwa mabadiliko. Wengi huchagua ND wakidhani wanalinda jina lao, kumbe jina limeshalindwa na BY. Wanachokuwa wamezuia ni mtu kulipeleka somo katika lugha nyingine.

Hata hivyo, ruhusa bila faili la asili ni nusu ya zawadi. Ukinipa slaidi kwa PDF, naweza kuzisoma; kurekebisha mchoro ni kazi ya kuuchora upya. Teknolojia nayo ina yake. Adobe ilipoacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020, mazoezi mengi ya darasani yaliyotegemea programu hiyo hayakufunguka tena katika vivinjari. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, unaotengeneza majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye skrini, ulioanzishwa 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, ulikuwa umeanza mapema kuyaandika upya majaribio yake kwa HTML5, lugha ya kurasa za wavuti ambayo vivinjari huisoma bila programu ya ziada. Mengi sasa yanafunguka hata kwenye simu, na yapo yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kuhusu maelezo ya kukitambulisha kipande, sitasema mengi. Viwango rasmi vipo na fomu zake ni ndefu mno, ndiyo maana hubaki tupu. Mada, kiwango cha mwanafunzi, lugha, mwandishi, leseni na tarehe vinatosha kumwezesha mtu kukipata kwa kutafuta.

Ile video ya moyo, basi, haihitaji kutupwa. Kata sekunde zinazotaja wiki iliyopita na mtihani, uziandike kama aya fupi kwenye ukurasa wa kozi, juu ya video. Mwakani utabadilisha aya tu.