Kuriseti sensa za upepo wa matairi: maana yake hasa

Umevalisha matairi mapya mwenyewe nyumbani, umewasha gari, na ile taa ya njano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati imekataa kuzima. Kila utakayemuuliza atakwambia "riseti". Neno lenyewe hueleweka vibaya. Kuriseti si kupima upepo, wala si kufuta hitilafu. Ni kuliambia gari kwamba upepo uliomo sasa ndio kipimo, na ukipungua lipige kelele. Ukibonyeza kabla hujajaza sawasawa, umelifundisha uongo, nalo litauamini.

Kwanza hakikisha kama gari lako lina mfumo huo wa kuangalia upepo wa matairi. Japani haikuulazimisha kisheria, kwa hiyo magari mengi yanayoshushwa bandari ya Kilindini kutoka huko hayana. Yaliyotoka Uingereza yakiwa mapya tangu mwisho wa 2014 yanao. Fungua swichi bila kupiga stata: taa hiyo ikiwaka kidogo pamoja na zile nyingine kisha ikazima, mfumo upo.

Mifumo ni ya aina mbili. Wa kwanza hauna chochote ndani ya tairi. Gari hutumia sensa za breki za ABS (zile zinazozuia magurudumu kugoma) kuhesabu mizunguko. Tairi lililopungua upepo huwa dogo kidogo kwa kipenyo, basi huzunguka haraka kuliko wenzake. Mazda na Honda nyingi za miaka ya karibuni ziko hivi. Hapa kuriseti ni lazima kila unapobadilisha matairi, kwa sababu tairi jipya lenye meno ya milimita 8 ni kubwa kuliko lile kuukuu lililobakiwa na 2. Ukibadilisha mawili tu, ndiyo kabisa.

Wa pili una sensa yenye betri, imefungwa kwenye mkia wa valvu ndani ya rimu, nayo hutuma presha kwa redio. Kila sensa ina namba yake ambayo gari limeisajili. Ukibadilisha mpira tu na kuziacha sensa zilezile, namba hazibadiliki, na mara nyingi unachohitaji ni upepo sahihi na mwendo kidogo.

Upepo sahihi umeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, usiifuate. Vipimo vya upepo hutofautiana. Stika ya Japani huandikwa kPa ilhali geji ya fundi wa pancha husoma psi: kPa 230 ni takriban psi 33, na gari la Uingereza litaandika bar 2.3. Pima matairi yakiwa baridi, gari likiwa limesimama muda wa saa 3 au zaidi. Joto la Mombasa haliachi mtu hapa. Tairi la psi 33 likitoka Mariakani adhuhuri linaweza kusoma 37. Ukilipunguza hadi 33 kisha ukariseti, alfajiri lina 29 au karibu na hapo, na gari litanyamaza tu, kwa kuwa mifumo mingi huwasha taa upepo ukishapungua kwa asilimia 20 hadi 25.

Kwenye Toyota nyingi kuna kitufe chini ya dashibodi, karibu na usukani. Gari likiwa limesimama, fungua swichi na ukishikilie mpaka taa imemeteke polepole mara 3, kisha uachie. Mazda yenye kitufe hushikiliwa mpaka isikike mlio. Nyingine, Honda zikiwemo, huendeshwa kupitia menyu ya skrini. Baada ya hapo endesha. Sensa za ndani ya tairi hulala gari likisimama, na zile za kuhesabu mizunguko zinahitaji muda kujifunza, pengine nusu saa ya mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Foleni ya Nyali haihesabiki. Nenda barabara ya Dongo Kundu.

Sasa iangalie taa vizuri. Ikiwaka moja kwa moja, tairi fulani lina upepo mdogo. Ikimemeteka kwa dakika moja hivi kisha ikabaki inawaka, mfumo wenyewe una hitilafu, na kitufe hakitakusaidia. Sababu ya kawaida kwa mtu aliyefanya kazi nyumbani ni chuma cha kubandulia tairi kuivunja sensa. Anza kubandua upande ulio mkabala na valvu, na usiingize chuma karibu nayo.

Sababu ya pili ni betri. Hudumu miaka 5 hadi 10, nayo imezibwa ndani ya plastiki, kwa hiyo sensa hubadilishwa nzima. Kwa kuwa Kenya huruhusu magari yenye umri usiozidi miaka 8, gari linaweza kufika bandarini sensa zikiwa zimebakisha pumzi chache. Ukinunua nyingine, angalia masafa: za Japani mara nyingi ni MHz 315, za Ulaya 433, na hazisikilizani. Namba mpya kwenye magari mengi, Toyota ikiwa mojawapo, husajiliwa kwa mashine ya fundi inayochomekwa chini ya usukani.

Halafu kuna chumvi. Valvu ya sensa mara nyingi ni ya alumini, na kiini cha shaba ndani yake huliwa na hewa ya bahari mpaka kigandamane; ukijaribu kukifungua, valvu hukatika. Tumia kiini kilichopakwa nikeli na kifuniko cha plastiki, na ubadilishe mpira wa valvu unaozuia upepo kila unapolifungua tairi. Nati ya valvu ni ndogo, kwa kawaida hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 4 hadi 8 tu. Dawa ya pancha ya kumimina nayo inaweza kuziba kitundu cha sensa, na ikishakauka humo hakuna kuriseti kutakakoizibua.