Kompyuta haikuibii, bwana

"Kompyuta inaiba!" Jumamosi iliyopita nimeisikia mara nne kabla ya adhuhuri, na ya nne ilitoka kwa mzee mzima mwenye ndevu. Nakodisha kompyuta kwa saa, na wateja wangu wengi huja kucheza Age of Empires II, mchezo wa kujenga mji na jeshi kisha kupigana na adui, mara nyingi kompyuta yenyewe. Kila anayechapwa ana hadithi ileile: adui kaja na jeshi zima dakika ya 20, yeye ana askari sita, basi mashine imejigawia mali ya bure.

Kwenye toleo la zamani la 1999 mngekuwa na hoja kidogo, maana kiwango kigumu kabisa kilikuwa kinaongezewa mali. Lakini toleo la 2019 haliibi, hata kwenye kiwango cha juu. Na nyinyi mnapigwa kwenye cha kati!

Tatizo ni jumba la mji. Linatoa mwanakijiji mmoja kila sekunde 25, kwa chakula 50. Ukilisahau dakika tano, kisa unashangilia askari wako wakichoma nyumba moja, umeshawapoteza wanakijiji 12, pamoja na kuni na chakula ambacho wangekuletea hadi mwisho wa mechi. Kijana mmoja alibisha sana, nikamfungulia rekodi ya mechi yake tukahesabu wote. Dakika ya 20 alikuwa na wanakijiji 19. Mashine ilikuwa na zaidi ya 40. Akaniambia yeye anapenda vita, si kilimo. Haya, kuingia zama za ngome, hatua ya tatu ya mchezo, ni chakula 800 na dhahabu 200. Nani atavileta, askari wako sita?

Nimebandika karatasi juu ya kila skrini: BONYEZA H. Herufi hiyo inakurudisha kwenye jumba la mji popote ulipo. Wengi wanadhani ni jina la mashine.

Eti wapanda farasi wenye deraya hawashindwi. Mmoja anakula chakula 60 na dhahabu 75. Askari wa mkuki ni chakula 35 na kuni 25, bila dhahabu, na amewekewa pigo la ziada dhidi ya farasi. Ila usimpeleke kwa wapiga mishale, halafu uje kunilalamikia mimi.

Wanaocheza Total War, mchezo mwingine wa vita, nao wanadhani lazima uue mpaka wa mwisho. Kikosi hukimbia mapema: kikipigwa mgongoni, kikichoka, jemadari akifa. Washike mbele kwa mikuki, zungusha farasi wachache nyuma, basi. Kwenye matoleo yake ya Warhammer angalia tu wafu waliofufuliwa, hao hawakimbii. Moyo ukiisha wanaporomoka palepale.

Juzi mama mmoja alinishukuru kwamba mwanawe anajifunza historia. Nikachungulia skrini: Waazteki wa Meksiko wanapigana na Wahunni, watu wa mfalme Attila. Attila alikufa mwaka 453, na Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, inasemekana ilianzishwa 1325. Nilipomweleza, mama hakufurahi. Mtoto hakugeuka hata kidogo. Alikuwa na Waazteki, hana farasi hata mmoja, na alikuwa anashinda: wanakijiji 61.