Wepesi wa ndege haukupi ruhusa ya kuirusha

Wengi hudhani ndege ikiwa nyepesi, leseni yoyote ya rubani inatosha. Si hivyo. Marekani, ndege inayozidi kilo 5,670 hudai idhini ya aina hiyo mahususi. King Air 200, ndege ya injini mbili za panga boi, inakomea palepale kwenye mstari huo wa uzito, kwa hiyo imesalimika, ingawa rubani lazima awe na idhini ya injini mbili. Halafu tazama Cirrus Vision Jet, ndege ndogo ya jeti: kilo 2,700 na ushei tu, hata nusu ya ile haifiki, lakini inadai idhini yake kwa sababu injini ni ya jeti.

Glaida, yaani ndege ya kuelea hewani bila kutegemea injini, ikiwekewa injini nayo? Hata ikijirusha yenyewe, bado ni glaida. Leseni ya ndege ya kawaida pekee haitoshi.