Kubadilisha rasilimali za ratiba ya shantie kwa API, maana yake nini?

Ukiingia ofisi ya shantie huku Lubumbashi mara nyingi utakuta ukutani karatasi ndefu yenye mistari ya rangi, kila mstari ni kazi moja: fondasio, kofraji, kumwaga dale, kupandisha ukuta. Hiyo njo ratiba, maenjeniere wanaita planingi. Watu wengi wanaonaka tarehe tu, lakini nyuma ya kila mstari kuna nani atafanya, na mashine gani, na simenti ngapi. Hizo njo rasilimali. Primavera P6, programu ya Oracle inayotumika sana kwenye miradi mikubwa, inazigawa aina tatu: watu, mashine na vifaa. Watu na mashine wanahesabiwa kwa muda, vifaa kwa kipimo chake.

Sasa shantie haikai vile ulivyoiandika. Masoni watatu wametumwa Ruashi, kamio ya simenti iko imelala Kasumbalesa siku ya pili, betonieri imekufa mota, na ratiba yenyewe bado inasema masoni 8. Mwenye planingi anangoja Jumamosi, anafungua kompyuta, anasahihisha mstari kwa mstari mpaka macho yanauma.

API inamuondolea hiyo kazi. Fikiria depo ya shantie: wewe huingii ndani kujichukulia fero, unapitisha kikaratasi kwenye dirisha, mwenye depo anaangalia saini, anaangalia umeandika vile inatakiwa, halafu anakupa ao anakurudisha. API njo lile dirisha la programu ya ratiba, ila anayesimama hapo siyo mtu, ni programu nyingine, kwa mfano ile ya simu ambayo kapita anahesabia watu asubuhi. Saini ni tokeni, yaani alama ya siri inayoonyesha uko na ruhusa. Ikiwa imeisha muda unarudishiwa namba 401, ukiomba kitu hakipo ni 404, ukigonga dirisha mara nyingi kupita kiasi ni 429.

Kitu kinachochanganya wengi: haubadilishi masoni, na haubadilishi kazi. Unabadilisha ule uzi unaowaunga, yaani "masoni kwenye ukuta wa niveau ya kwanza", na huo uzi uko na namba yake peke yake. Kwa hiyo kwanza unauliza kwa GET (ombi la kusoma tu) namba ni gani, ndipo unatuma badiliko. Ukikosea ukagusa masoni wenyewe, unaweza kuvuruga bei yao kwenye kazi zote za mradi. Maombi ya kubadilisha yako mawili, PATCH na PUT: kwa kawaida PATCH inagusa kile tu umetuma, lakini PUT kwa sheria yake inaweka kitu kizima upya, sasa ukiacha sehemu bila kujaza inaweza kufutika. Kila API iko na tabia yake, soma maelezo yake kabla ya kujaribu kwenye mradi wa kweli.

Hesabu njo mahali watu wanaangukaka. Tuchukue ule ukuta: masoni 8, saa 8 kwa siku, siku 6, ni saa 384 za kazi. Wamebaki 5. Je, ukuta utaisha lini? Programu haijui unataka nini, inatazama ile kazi imewekwa aina gani ya muda. Kama umefunga kiasi cha kazi, zile saa 384 zinabaki, unagawa kwa 40 za kila siku, unapata siku 9.6. Kama umefunga siku, zile 6 zinabaki na kazi yenyewe inashuka mpaka saa 240, maana yake kwenye karatasi saa 144 za kujenga zimepotea hewani, na ukuta haujui hiyo habari! Miye nasema hiyo aina uiangalie kabla ya kuandika hata mstari moja wa kodi ya programu.

Vifaa pia. Mifuko 200 ya kilo 50 ni tani 10. Kipimo kwenye programu kikiwa tani na wewe umetuma 200, dirisha litapokea bila neno, litakujibu 200, maana yake tu "nimepokea vizuri" (na hiyo 200 ya jibu haina uhusiano na mifuko yako), na umeshaandikisha tani 200. Ndiyo maana ukimaliza kutuma unasoma tena kwa GET, unalinganisha na daftari la depo.

Halafu kupokea siyo kupanga. Kwenye P6 tarehe za kazi zinazofuata hazisogei mpaka mtu aamuru ratiba ihesabiwe upya, kwenye kompyuta ni kitufe cha F9. Kabla ya hapo ukuta unaweza kusoma siku 9.6 na paa bado imekaa kwenye tarehe yake ya zamani. Unagonga F9, paa inasogea siku tatu na kitu, na kama ilikuwa mwisho wa Oktoba, unaikuta Novemba, mvua imeshaanza.