Je, wajua uzi mwembamba kuliko unywele hufumwaje kwa umeme?

Vua sweta gizani usiku wa mwezi wa saba hapa Dodoma, hewa ikiwa kavu na upepo wa baridi ukivuma. Utasikia tatata, pengine utaona na cheche. Huo ni umemetuamo. Nguvu hiyohiyo, ikikuzwa sana, ndiyo inayofuma utando ambao watafiti huoteshea seli za binadamu maabara.

Kwanza huandaliwa rojo la polima (kitu chenye molekuli ndefu kama mnyororo), mathalani jelatini. Sisi tuliokulia kwenye mlenda tunaelewa upesi: ukiinua tonge, mlenda unakuja na uzi mrefu, ilhali maji yangedondoka tu. Molekuli ndefu za polima nazo zimeshikamana, ndiyo maana zinavutika. Rojo likiwa jepesi mno, hutoka matone badala ya uzi.

Rojo hutiwa kwenye bomba la sindano lililounganishwa na umeme wa volti 10,000 hadi 30,000. Mbele yake, sentimita 10 hadi 20 hivi, kuna bamba la chuma. Tone lililoning'inia kwenye sindano hujaa chaji, na kwa kuwa chaji za aina moja husukumana, tone huvutika likachongoka kama ncha ya pia ya watoto. Umbo hilo huitwa koni ya Taylor, kwa jina la Geoffrey Taylor wa Uingereza aliyelichambua kihesabu mwaka 1964. Hapo unachomoka uzi, unajipinda hewani kama mjeledi, unakauka huku ukizidi kuvutika, na kutua kwenye bamba ukiwa na unene wa nanomita mia chache (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Unywele wako una nanomita 50,000 au zaidi!

Kwa nini taabu yote hiyo? Mwilini, seli hushikilia wavu wa nyuzi za kolajeni (protini inayoshikanisha mwili) zenye wembamba kama huo. Ukiweka seli kwenye sahani ya plastiki hujilaza bapa, na seli za ini hupoteza kazi zake nyingi ndani ya siku chache. Utando huzipa pa kushika, tena chakula hupenya kutoka chini. Waweza kupanda seli za mapafu upande wa juu na za mishipa ya damu upande wa chini, ukajaribia dawa hapo kabla haijamfikia mgonjwa.

Hewa nayo ina neno. Kavu kama yetu hukausha haraka baadhi ya rojo hadi sindano inaziba. Yenye unyevu kama ya Dar es Salaam inaweza kutoboa nyuzi vitundu. Kwa hiyo mashine hufungiwa ndani ya sanduku, na unyevu hupimwa kabla swichi haijawashwa.