Kinachomnasa mtu katika saa ya kutia ufunguo

Katika miaka yangu ya kutengeneza saa nimejifunza kuitambua dakika ambayo mtu ananaswa. Haiji anapoitazama saa usoni, hata kama uso huo umetiwa nakshi za dhahabu. Huja ninapofungua kifuniko cha nyuma na kuielekeza saa kwenye taa ili mwenyewe aone ubovu ninaomweleza. Aliyekuja kuuliza tu kazi itakwisha lini hunyamaza, huinama, hukaribia meza, na baada ya muda huuliza swali ambalo nimelisikia kuliko jingine lolote: “Hicho kinachochezacheza ni nini?”

Kinachocheza ni gurudumu la mizani, na ili nilieleze hunibidi kuanzia mbali kidogo. Ndani ya pipa dogo lenye meno mna utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa duara juu ya duara, nao ndio springi kuu. Ukitia ufunguo unaukaza utepe huo, na nguvu ya vidole vyako hubaki humo kama akiba ambayo katika saa nyingi hutosha kwa muda wa saa 40 hivi. Utepe ukiachwa ufunguke utakavyo, akiba hiyo itakwisha kwa sekunde chache na akrabu zitazunguka kama pangaboi. Kwa hiyo kazi kubwa ya saa ni kuizuia nguvu isitoke ovyo, kisha kuitoa kidogo kidogo kwa kipimo kisichobadilika.

Nguvu hiyo hupita kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kila moja huzunguka haraka kuliko lililotangulia. Katika mpangilio wa kawaida, la katikati hugeuka mara moja kwa saa na la nne mara moja kwa dakika, mpaka tunafika kwenye gurudumu la kuachilia, ambalo mara nyingi lina meno 15. Hapo pana uma mdogo wenye mawe mawili ya rubi. Jiwe moja hulizuia jino, huliachia, na papo hapo jiwe la pili hulidaka jino jingine. Katika kuachiwa huko jino huupiga uma msukumo mdogo, nao uma hulisukuma gurudumu la mizani. Gurudumu la mizani huenda upande mmoja hadi springi yake, ambayo ni nyembamba kama unywele, ilivute kurudi, na likirudi huugusa uma na kuliachia jino linalofuata. Mlio tunaousikia tukiweka saa sikioni unatoka hapo, kwenye meno, uma na mawe yanapogongana.

Nyingi katika saa za springi za siku hizi hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara 8 kila sekunde, na kwa siku nzima mapigo hayo hufika 691,200. Siku ina sekunde 86,400. Saa inayokwenda mbele sekunde 5 kwa siku imekosea kwa kiasi kisichofikia sehemu moja kati ya 17,000, na imefanya hivyo ikiwa imefungwa kwenye mkono unaopunga, unaobeba mizigo na unaogonga milango.

Ninaamini kinachomnasa mtu ni kwamba njia hiyo yote, kutoka kwenye vidole vyake hadi kwenye ncha ya akrabu, anaweza kuifuata kwa macho. Saa ya betri hutunza majira kwa usahihi zaidi, na sina ubishi juu ya hilo. Fuwele yake ya kwatzi hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na katika saa ya kawaida ya mkono gurudumu na springi havikaribii uthabiti huo. Lakini mtetemo wake hauonekani, na ukiifungua saa hiyo unakutana na kibamba cha saketi ambacho hakikuambii kitu. Saa ya kutia ufunguo haifichi chochote. Mtu ambaye siku zote amekuwa akiambiwa saa ni ngapi anaona kwa mara ya kwanza jinsi jawabu hilo linavyopatikana.

Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu ya zama hizo. Tunasema kutia ufunguo ingawa saa zetu za mkononi hazina ufunguo. Hadi katikati ya karne ya 19 saa ya mfukoni ilijazwa kwa ufunguo mdogo hasa, ambao mwenye saa alilazimika kutembea nao na ambao ulipotea mara kwa mara, mpaka katika miaka ya 1840 Mfaransa Adrien Philippe alipobuni njia ya kujaza saa na kurekebisha majira kwa kichwa kile cha pembeni tunachokijua leo. Kitu kimeondoka, neno limebaki, na kila asubuhi ninapoizungusha saa yangu ninafurahi kwamba limebaki.

Kunaswa kwa macho, hata hivyo, ni mwanzo tu. Wengi hustaajabu, hushukuru, huenda zao, na hawalifikirii tena jambo hilo. Anayebaki ni yule ambaye saa yake imekosea naye akataka kujua kwa nini.

Kijana mmoja aliniletea saa iliyokuwa ikikwenda vizuri kwa miaka, kisha ghafla ikaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku. Aliamini imeharibika. Niliweka dira mezani nikaisogeza saa karibu yake, na sindano ya dira ikageuka. Saa ilikuwa imeshika sumaku. Nilimuuliza alikuwa akiiweka wapi usiku, akasema juu ya spika. Niliipitisha kwenye kifaa cha kuondoa sumaku kwa sekunde chache, na ikarudi katika mwendo wake. Nilidhani atachukua saa yake aende, lakini aliuliza: “Kwa nini ilikimbia? Mbona haikuchelewa?”

Hilo ni swali la fundi. Jawabu ni kwamba mizunguko ya springi ile nyembamba, ikishika sumaku, hugusana na kunatana, na sehemu iliyonata haifanyi kazi. Springi inakuwa kama imefupishwa, na springi fupi ni ngumu zaidi, hivyo hulirudisha gurudumu la mizani upesi zaidi na saa ikakimbia. Nilimwonyesha springi yenyewe kwa lenzi. Wiki mbili baadaye alirudi na daftari. Alikuwa amepima saa yake kila siku na kuandika jinsi alivyoilaza usiku, na akagundua kwamba ikilala uso juu inakwenda mbele sekunde 4 hivi, na ikisimama kwa ubavu inabaki nyuma sekunde 3. Kwa hiyo alikuwa ameanza kuchagua jinsi ya kuilaza, usiku mmoja hivi na usiku mwingine vile, na kwa wiki nzima kosa lote lilikuwa karibu na sufuri. Hakuna aliyemfundisha.

Nilimweleza kwamba amegusa jambo lililowasumbua mafundi wakubwa kuliko sisi. Gurudumu la mizani haliwezi kuwa na uzito uliolingana kikamilifu pande zote, wala springi haipumui sawasawa, na kwa hiyo mvuto wa dunia huiathiri saa tofauti kulingana na jinsi ilivyokaa. Saa ya mfukoni ilishinda imesimama wima siku nzima. Abraham-Louis Breguet, mzaliwa wa Neuchâtel aliyefanya kazi Paris, aliweka gurudumu la mizani, springi yake na sehemu zote za kuachilia ndani ya kizimba kinachojizungusha chenyewe, ili kosa la mkao mmoja lifutwe na kosa la mkao mwingine. Akakiita turbiloni na kupata hataza yake mwaka 1801. Kijana yule alikuwa akifanya kwa mkono, mara moja kwa usiku, kile ambacho kizimba cha Breguet hukifanya chenyewe.

Hivi ndivyo saa inavyomvuta mtu ndani zaidi. Anauliza mawe 17 yaliyotajwa kwenye uso wa saa ni ya nini, akidhani ni pambo, kumbe ni vitanda vigumu na laini ambamo ncha za magurudumu huzunguka bila kulika, na ni rubi za kutengenezwa kiwandani zisizo na thamani kubwa. Anauliza joto linafanya nini, naye anakutana na Charles Édouard Guillaume, mtoto wa familia ya watengeneza saa, aliyegundua aloi za nikeli na chuma ambazo hazitanuki kirahisi wala kulegea kwa joto, na akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920. Hata springi ya unywele ina historia yake: Christiaan Huygens aliitangaza mwaka 1675, na Robert Hooke akalalamika kwamba wazo hilo lilikuwa lake.

Kwa anayeuliza kama sekunde chache zina umuhimu wowote, huwa namsimulia habari za bahari. Dunia hugeuka nyuzi 360 kwa saa 24, hivyo kosa la sekunde 4 katika saa ambayo nahodha aliitumia kujua alipo, mashariki au magharibi, ni sawa na kosa la maili moja ya bahari kwenye ikweta. Saa ya pendeli haikuweza kusafiri kwenye chombo kinachoyumba. John Harrison, fundi seremala wa Uingereza aliyejifundisha mwenyewe kazi ya saa, alitumia zaidi ya miaka 30 kutengeneza mashine moja baada ya nyingine, mpaka akakamilisha mwaka 1759 saa ya nne, H4, iliyofanana na saa kubwa ya mfukoni. Ilipopelekwa Jamaica kwa meli, baada ya siku 81 ilionekana kuwa imechelewa sekunde 5 tu. Msikilizaji akishaelewa kwamba roho za watu zilitegemea gurudumu linalochezacheza, hamtazami tena fundi kama mtu anayeshughulika na vitu vidogo.

Wapo wanaoingia kwa mlango wa jina na thamani, wakinunua na kuuza. Siwalaumu, ila hayo ni mapenzi ya aina nyingine, na saa ikiwa ndani ya kabati bila kutiwa ufunguo mafuta yake huganda vilevile.

Mapenzi ninayoyazungumzia mimi yaliwahi kuokoa kazi nzima isipotee. Siku ya Krismasi mwaka 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, na katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya Uswisi vilifungwa. Mwaka huohuo wa 1969 kiwanda cha Zenith kilikuwa kimetoa El Primero, saa yenye kipima muda, inayojijaza yenyewe na kupiga mara 36,000 kwa saa moja. Mwaka 1975 wamiliki, waliokuwa Marekani, waliamuru utengenezaji wa mitambo hiyo ukomeshwe na vifaa vyake viuzwe kama vyuma chakavu. Msimamizi wa karakana, Charles Vermot, hakutii. Alibeba vifaa, vikataji na maandishi ya kila hatua ya kazi, akavificha darini katika kiwanda cha Le Locle, Uswisi. Muongo uliofuata, El Primero ilipohitajika tena, kila kitu kilikuwepo, kimepangwa na kuandikwa, na mwaka 1988 hata Rolex ilianza kuutumia mtambo huo katika saa zake za Daytona. Ninapowaza juu ya mtu huyo akipanda ngazi na mzigo wake, sioni kwamba alikuwa akilinda bidhaa.

Atakaye kuifungua saa mwenyewe namsihi asianze na saa ya marehemu babu yake. Springi ya unywele ya kwanza niliyoigusa kwa kibano niliipinda, nayo haikurudi kuwa ilivyokuwa. Anayeanza atafute mtambo mkubwa wa saa ya mfukoni. Mtambo wa Uswisi uitwao ETA 6497, kwa mfano, una upana wa milimita 36.6 na sehemu zake zinaonekana vizuri. Kwanza kabisa aitoe nguvu iliyobaki kwenye springi kuu, akikishika kichwa cha pembeni, akisogeza kando kikwamizi kinachoizuia springi isifunguke, kisha akikiachia kichwa polepole, kwa sababu springi iliyokazwa ikifunguliwa ghafla huvunja meno. Mafuta ayaweke kwa ncha ya sindano, tone dogo kuliko kichwa cha pini, na asiruhusu hata chembe ifike kwenye springi ya unywele.

Kijana wa daftari alifikia hatua hiyo mwaka uliofuata. Alikuwa amevunja na kuunganisha mtambo wa namna hiyo kwa siku kadhaa, na limebaki gurudumu la mizani pekee. Ncha zake zina unene wa takriban moja ya kumi ya milimita, na zinapaswa kuingia kwenye matundu ya mawe bila kulazimishwa. Alilishusha likining'inia kwenye springi yake, akalikosea, akalitoa, akapumua, akalishusha tena. Alikuwa ameshatia ufunguo mara mbili tatu. Ncha ilipoingia mahali pake, hata kabla hajagusa skrubu, gurudumu lilitikisika, likaenda, likarudi, kisha likaendelea lenyewe. Alibaki ameshika bisibisi hewani, na hakuna kati yetu aliyesema neno kwa muda mrefu.